Namjua Mwimbaji kwa Kisogo Chake

Watu wanaokuja ukumbini wanamwona mwimbaji kwa uso. Wanaona meno, leso ya jasho, suti iliyonyooshwa, na yale macho anayoyafumba akifika kwenye mstari wa mapenzi. Mimi napiga besi. Nasimama nyuma upande wa kulia, hatua moja kutoka kwa mpiga dramu, na nimesimama hapo miaka 19. Katika miaka hiyo wamepita mbele yangu waimbaji saba, na wote nawajua kwa visogo. Nikikutana na mmoja wao sokoni ana kwa ana naweza kubabaika kidogo. Akigeuka kuondoka, namwita jina.

Kisogo hakijui kuigiza. Mwimbaji anaweza kuwachekea watu wa meza za mbele huku mabega yamempanda hadi masikioni, na hapo sisi wa nyuma tunajua pumzi imeisha na ubeti wa tatu utakatika. Anaweza kuonekana kazama kwenye hisia, kumbe shingo inatafuta saa ya ukutani. Halafu kuna mkono. Mwimbaji wa bendi ya dansi anashika maiki kwa mkono mmoja. Ule wa pili, kama kazi anaijua, anauweka mgongoni, na huo ndio anaoongea nao na sisi. Kwetu vidole viwili ni kurudi kwenye kiitikio, kiganja kikishushwa ni kupunguza vyombo, ngumi ni kukata. Kila bendi ina alama zake, na zipo bendi zisizo na alama hata moja, zinaendeshwa kwa kukonyezana na kudra za Mungu.

Nikiulizwa mwimbaji mzuri wa mbele ni yupi, kinachonijia kichwani kwanza ni mkono huo. Sauti inafuata baadaye sana. Najua wapo watakaobisha, na wa kwanza wao ni mpiga gitaa la solo wetu.

Tulikuwa na mmoja, yeye sitamtaja na bendi aliyohamia nayo sitaitaja, ambaye sauti Mungu alimpa bila kipimo. Akianza ubeti wa kwanza, mkaanga chipsi anasahau mafuta jikoni. Alikuja kwetu akitokea hotelini, alikokuwa akipiga kopi za nyimbo za watu kwa wageni, na siku ya kwanza ya mazoezi tulitazamana kama watu waliookota dodo chini ya mwarobaini.

Furaha ile ilidumu miezi miwili. Hakuwa mlevi, hakuwa mchelewaji, yale mambo ambayo watu hudhani ndiyo huziua bendi. Tatizo ni kwamba hakuwa na habari kama nyuma yake kuna watu. Ubeti wenye mistari minne leo anauimba minne, kesho mitatu, keshokutwa anauvuta hadi sita kwa sababu kuna dada amesimama kucheza. Sisi tunamfukuzia nyuma kama watu wanaodandia daladala iliyokwisha kung'oa nanga.

Kisha ikaja harusi moja ya Tabata. Baba mdogo wa bibi harusi alikuwa na mbao zake mjini, biashara imemkubali, na siku hiyo alikusudia ukoo wote ulijue hilo. Akaja mbele, akamtuza mwimbaji wetu noti ya kwanza. Akatuza ya pili. Kijana akataja jina lake. Ikaja ya tatu, kijana akataja jina la mke. Maiki yake haikuwa na waya, kwa hiyo bwana yule aliporudi mezani, mwimbaji akashuka naye. Akaimba mezani pale majina ya watoto, akaimba duka, akaimba gari la kubebea mbao. Nyuma tulibaki tunazunguka kodi mbili zilezile za gitaa. Mpiga dramu alihesabu kwa saa yake: dakika 22. Mzee wetu wa saksafoni aliketi, akafungua soda, akaimaliza, akarudisha chupa kaunta mwenyewe. Kijana aliporudi jukwaani akaingia na ubeti uliobaki, ila alikwisha kupanda juu ya pale tulipo. Nikahamisha besi ili nimfuate. Mpiga solo kwa hasira akabaki palepale. Mpiga rithimu akachagua katikati. Maharusi walicheza, maharusi huwa wanacheza tu.

Alfajiri, tumebanana kwenye kirikuu pamoja na spika, mzee wa saksafoni akasema kwa upole, "Huyu kijana anaimba vizuri sana. Siku atakayopata watu wa kumpigia atafika mbali."

Sina ugomvi na kutuza. Nenda kwenye taarabu uone: mama anainuka mezani na noti yake kwa sababu ubeti umegusa jambo lake, au umemchoma jirani yake, na mwimbaji anaipokea noti ile bila kukata hata neno moja. Fedha inaingia, shairi linaendelea. Pale kutuza ni sehemu ya kusikiliza. Kijana wetu alisahau kwamba wimbo ule si wake kuuza rejareja mezani.

Mzee huyo wa saksafoni alianza kazi enzi za bendi za mashirika, na kila tukigombana kuhusu waimbaji huturudisha huko. Zamani nilikuwa nachoka kumsikiliza. Sasa naona ana hoja kuliko alivyojua kuieleza.

Kumbuka zilivyokuwa. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na ikabadili jina kila chama kilipobadili: JUWATA, kisha OTTU, hadi ikabaki Msondo Ngoma tunayoijua. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana, Bima Lee ya shirika la bima, polisi walikuwa na bendi yao na wanajeshi yao. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978, ikaja kuchukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Magitaa, maiki, spika, vyote. Mwimbaji akikasirika akaondoka, aliondoka na koo lake tu.

Hali ile ilizaa namna yake ya kuimba. Mbele hakusimama mtu mmoja. Walisimama watatu, wanne, bega kwa bega, na mara nyingi aliyetunga ndiye aliyeongoza wimbo wake, wenzake wakaitikia. Wimbo unaofuata, zamu ya mwingine. Kiongozi wa bendi alikuwa mtu mwingine kabisa, na wala hakulazimika kuimba: pale Mlimani Park fundi wa kuupanga muziki alikuwa Michael Enoch, mtu wa saksafoni. Kwa hiyo katika muziki wetu wa dansi kuwa mwimbaji wa mbele ilikuwa zamu unayopewa, unaishika dakika saba nane, unairudisha. Na anayejua kwamba baada ya wimbo huu ataitikia wa mwenzake haimbi kama anayejiona peke yake duniani.

Waliokaa kwenye mpango huo wakawa mabingwa ni wengi, lakini nichukue wawili. Muhidin Maalim Gurumo alizaliwa Masaki ya Kisarawe, mwaka 1940. Sauti nzito, ya chini, sauti ya baba mwenye nyumba. Hassani Rehani Bitchuka wa Kigoma ana sauti inayopaa, nyembamba na kali, na mashabiki walimwita Super Stereo. Sikiliza rekodi za Mlimani Park za mwanzoni mwa miaka ya 1980, zile ambazo wako pamoja. Sikio linamkimbilia Bitchuka, ndivyo sauti ya juu ilivyo. Rudia tena, safari hii mfuate Gurumo. Hapandi. Hata panapomkaribisha kupanda, hapandi. Anakaa chini, anashika maneno, anamwachia mwenzake anga lote. Na tukumbuke nani alikuwa mkubwa pale: Gurumo alikuwa mkongwe aliyetoka NUTA, angeweza kabisa kudai kila wimbo uwekwe kwenye kimo cha koo lake. Ningependa kuwa na miaka kumi nyuma ya kisogo cha namna hiyo.

Bendi ziliibiana watu bila aibu. Mwaka 1985 Gurumo na Bitchuka, pamoja na mpiga gitaa Abel Balthazar, waliondoka Mlimani Park kwenda Orchestra Safari Sound. Ukisoma hivyo leo utadhani Sikinde, ndiyo Mlimani Park hiyohiyo, ilizikwa wiki ileile. Haikuzikwa, ipo hadi sasa. Shaaban Dede, aliyefariki mwaka 2017, aliimba Msondo, akaimba Sikinde, akaimba Bima Lee, na kote alikaribishwa kama mtu wa nyumbani, kwa sababu popote alipoingia alijua kupanga sauti na waliopo. Gurumo mwenyewe alirudi Msondo, akaimba hadi alipostaafu mwaka 2013, na mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, tukamzika.

Leo mambo yamegeuka. Mwimbaji ndiye mwenye bendi, ndiye aliyenunua spika, jina lake ndilo liko kwenye bango, nasi wengine tunaitwa "vijana wake" hata wenye mvi. Simlaumu, mashirika yalikwisha kuacha muziki, na mtu akitoa fedha yake atataka aonekane. Ila nani atamwambia mwenye spika kwamba ubeti wake wa nne hauna maana?

Sasa maneno. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu nikizungumza na vijana, na ndipo wengi wanapoanza kutazama simu zao.

Wimbo wa dansi wa Kitanzania, ule wa mfumo wa zamani, una nyumba mbili. Ya kwanza ni ya kusikiliza: mwendo wa taratibu, beti, kiitikio, kisa kinasimuliwa. Ya pili ni chemko: magitaa yanapandana, saksafoni na tarumbeta zinajibu, watu wanainuka. Wapenzi wengi wa zamani walikaa kabisa kwenye ile nyumba ya kwanza, bia mezani, mkono kidevuni. Walikuwa wanasikiliza kesi. Fulani kaachwa, fulani kadhulumiwa na nduguye, fulani anaomba radhi. Walipoinuka kwenye chemko walikuwa wamekwisha kutoa hukumu.

Shangazi yangu alilea watoto wa watu wengi kwenye nyumba moja ya Magomeni, nami nikiwemo, na kwenye dirisha la jikoni kulikuwa na redio ya betri. Alikuwa akigombana na nyimbo. "Muongo huyo," anasema huku anachambua mchele, "kamwacha mwenyewe, sasa analia nini?" Hakuwa na kanda wala karatasi ya maneno. Redio yenyewe ilikuwa inakoroma. Lakini kila neno lilimfikia, kiasi cha kuweza kumshitaki mwimbaji kwa kujipinga katika ubeti wa pili na wa tatu. Hicho ndicho kipimo changu hadi leo: shangazi, jikoni, redio mbovu, mchele unachambuliwa. Mwimbaji anayefika hapo amefika.

Na waimbaji wale hawakuwa na pa kujificha. Redio Tanzania ilirekodi bendi nzima kwa pamoja, mbele ya maiki chache. Hakukuwa na kurudi kesho kubandika sauti peke yake. Ukipotea ubeti wa tatu, watu kumi na zaidi wanaanza upya kwa ajili yako, na macho yao unayasikia shingoni.

Kutamka kuna ufundi wake ambao shuleni hatufundishwi. Kiswahili kinaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na masikio yetu yanalitambua neno kwa mkazo huo kabla hata ya kuzisikia herufi zake. Mtunzi mzembe anapeleka noti ndefu mahali pabaya, neno linavunjika mguu, na mwimbaji mzembe analiimba likiwa limevunjika hivyohivyo. Yapo maneno machache yanayokwenda kinyume, na hayo ndiyo mtego. Chukua barabara. Ukikaza ba ya pili, karibu na mwisho, ni njia ya magari. Ukikaza ra ya mapema, ni sawasawa, kikamilifu. Katika usaili wetu wa mwaka jana kijana mmoja nadhifu, kiatu kinang'aa, alituimbia utunzi wake mwenyewe wa kumwambia mpenzi kwamba anampenda barabara. Akakaza pale pa magari. Tena noti ndefu, tena kwa kupaa. Mpiga dramu akaniinamia, "Sasa huyu anampenda dada au anampenda TANROADS?"

Tulicheka, lakini fikiria shangazi jikoni.

Mtu ataniuliza, na sauti mbaya je? Nitamjibu kwa Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha Matimila ikawa nyumba yake hadi watu wakadhani ameizaa yeye. Sauti yake ilikuwa na mchanga ndani. Kiswahili chake kilibeba harufu ya alikotoka na hakukificha. Ungemweka kwenye mashindano ya siku hizi yenye majaji watatu na vitufe, angetolewa kabla ya chakula cha mchana. Ila Remmy aliimba kama mtu anayekushika mkono usiondoke kabla hajamaliza: umaskini, kifo, ukimwi wakati wengine wanaona aibu kuutaja. Hakuna aliyetoka ukumbini akiuliza kwani jamaa alikuwa anasema nini.

Na kwa upande wa pili kabisa, utulivu. Kila mpiga besi wa huku ana deni kwa Tom Malanga wa Les Wanyika, bendi iliyoanzia Nairobi mwaka 1978 ikiwa na Watanzania na Wakenya ndani yake. Nilijifunza besi yake ya Sina Makosa kabla sijajua kufunga nyuzi vizuri, na kwa miaka mingi nilidhani utamu wake wote uko kwenye vidole vya Malanga. Nilipoanza kuupiga jukwaani nyuma ya waimbaji mbalimbali, nikagundua besi ileile inakuwa tamu kwa huyu na kwa yule inakuwa kelele. Tofauti ni mwimbaji wa rekodi ile. Anaimba kama mtu anayejieleza kwa jirani kwenye ua, hapandishi sauti, hana haraka, na akimaliza mstari ananyamaza kabisa. Hajazi. Katika kile kimya ndimo besi inamoingia kumjibu. Nimepiga na watu ambao kila mwisho wa mstari wanaongeza "oh mama", "ee bwana", "sikia sikia", na besi yangu inabaki mlangoni kama mgeni aliyekuta watu wanakula.

(Bendi za miaka ya 2000 zilimleta rapa mbele, yule wa kuchangamsha chemko kwa maneno. Rapa mzuri nampenda. Ila tumefika mahali rapa anaanza kazi kwenye ubeti wa kwanza, na hapo tena hakuna nyumba ya kusikiliza. Nimemaliza.)

Kuhusu kutunza sauti sina mengi. Tangawizi, maji ya vuguvugu, usingizi, na usibishane na konda siku ya kazi. Anayeanza saa tatu usiku akimaliza saa tisa hahitaji maajabu. Anahitaji kujua kugawa. Niliwahi kupiga na bwana mmoja ambaye saa nne usiku alikuwa simba na saa saba alikuwa paka, na watu wetu wa Temeke wenye fedha ndio huingia saa saba.

Basi, usaili. Yule kijana wa harusi ya Tabata alipohama tulitangaza kwa midomo, wakaja watu 11 kwa siku mbili. Wengi walikuwa wanaiga. Ukifumba macho unamsikia mwimbaji fulani maarufu, ukifumbua unamwona kijana wa watu anahangaika na koo lisilo lake. Yule wa barabara nimekwisha kumsema. Mpiga solo alikuwa na chaguo lake, kijana mwenye sauti ya juu safi, na nusura tumchukue.

Jioni ya siku ya pili akaja binti wa kwaya. Miaka 26, gauni la kawaida, ndala, daftari mkononi. "Shikamooni," akasema, akitugeukia mmoja mmoja. Akauliza nani anayeanzisha wimbo. Akaomba apewe do. Mpiga solo akacheka kidogo, maana kwenye dansi hatuongei do, tunaongea tu "twende". Nikamgongea noti kwenye besi. Akaimumunya kidogo mdomoni, akakubali kwa kichwa, kisha akafanya jambo ambalo sijaliona kabla wala baada: alichukua maiki, akageuka, akaupa ukumbi kisogo, akatutazama sisi.

"Samahanini," akasema. "Siwajui bado. Nikiwapa mgongo nitaimba peke yangu."

Aliimba ubeti mzima akitutazama. Mpiga dramu alipoongeza kasi bila kujua, kama kawaida yake, alimwangalia tu na kushusha kidevu, kasi ikarudi. Aliponiacha nafasi mwisho wa mstari niliijaza, akatabasamu, mstari uliofuata akaniachia kubwa zaidi. Nilikuwa na miaka 18 kwenye bendi hiyo na siku ile ndiyo mwimbaji aliniona uso wangu nikiwa kazini.

Mpiga solo akasema sauti haina chumvi. Alikuwa na haki yake. Kwenye kwaya aliimba sauti ya pili, amezoea kukaa katikati, na akipanda sana sauti inafifia kama taa ya chemli inayoishiwa. Nyimbo zetu zilikuwa zimewekwa kwenye kimo cha yule aliyehama. Ikabidi tuzishushe karibu zote. Kwa gitaa ni kazi ndogo. Kwa saksafoni ni kujifunza vidole upya, na mzee ana miaka yake. Alinuna wiki mbili. Wiki ya tatu nikamkuta mazoezini saa moja kabla yetu, peke yake, anajifunza.

Usiku wake wa kwanza wa kazi ulikuwa Ijumaa, Temeke, ukumbi umejaa. Monita ya mbele ikafa kwenye wimbo wa pili, kwa hiyo alikuwa hajisikii. Mwimbaji mwingine hapo huanza kupiga kelele, au humtafuta fundi mitambo kwa macho ya kuua, au (hii nimeiona zaidi) humlaumu mpiga besi. Yeye alirudi nyuma hatua mbili tu, akasimama karibu na spika yangu, akaishika noti kutoka kwangu. Nilikuwa naona shingo yake kwa karibu. Mabega yalikuwa chini.

Wimbo wa tano akaja mtu wa kutuza. Alikuwa amekunywa, anataka kutuza na kucheza na kushika mkono, yote mara moja. Niliona kisogo kikiwaza. Maiki ilikuwa mkono wa kulia. Kupokea kwa kushoto ni kumtukana mtu. Akahamishia maiki kushoto, akapokea kwa kulia, akainama kidogo kwa heshima, na hakukata neno. Jamaa hakuondoka. Akaushikilia ule mkono. Sasa hana mkono wa mgongoni, ubeti unaisha, na sisi nyuma hatujui kama tunakwenda kwenye kiitikio au tunakata.

Kisigino kikagonga jukwaa mara mbili.

Hatukuwahi kukubaliana alama hiyo. Mpiga dramu alinitazama, nami nikamtazama, tukaingia kwenye kiitikio wote kama mtu mmoja, saksafoni ikaja juu yetu, na waitikiaji wawili wakasogea mbele wakamzunguka, jamaa akajikuta anacheza na watu watatu, akafurahi, akaachia mkono. Mpiga solo hakusema kitu usiku ule. Kwenye kirikuu alimpa binti kiti cha mbele, kile ambacho tangu tuanze ni chake.

Hiyo ni mwaka jana. Jumamosi iliyopita, baada ya mazoezi, alinisubiri nimalize kukunja waya. "Anko, nina neno," akasema. Amepata mkataba wa miezi sita wa kuimba hotelini Muscat, na fedha aliyoitaja sisi hatuwezi hata kuikaribia. Anaondoka mwisho wa mwezi. Aliniambia mimi kwanza kwa sababu alitaka nimweleze vipi amwambie mzee wa saksafoni, baada ya vidole vyote vile. Nikamwambia nitakwenda naye. Tulikwenda Jumapili. Mzee alimsikiliza, akamwambia asiache kunywa maji, kule kuna viyoyozi vinakausha koo, kisha akaingia ndani na hakutoka kutusindikiza.

Usaili ni Jumanne, saa kumi jioni, vyombo vitakuwa vimeshafungwa. Njoo na maji yako. Mpiga solo atakaa mbele na karatasi yake ya alama, atakuomba upande juu. Mimi nitakuwa nyuma kulia.